Siku niliyoona tumbo la Mama kwenye skrini

Najua nimepotea. Kuna waliodhani nimedisko, na kuna mmoja aliniandikia kuuliza kama nimeolewa kimya kimya (wewe nakujua, tutaonana kafeteria). Sijaolewa wala sijadisko. Nilikuwa na mambo ya nyumbani, na kwa muda mrefu sikutaka kuyaandika kwa sababu yanamhusu Mama. Juzi nikamwomba ruhusa. Akasema, "Andika, ila usiseme nililia." Basi sisemi.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nasoma ualimu hapa Mkwawa, Fizikia na Hisabati, na kwetu ni Ipogolo, chini ya mlima. Wale mnaokuja na mabasi ya Dar au Mbeya mnapajua. Barabara kuu ya TANZAM inapita pale, Ruaha Mdogo uko jirani, na ukitaka kwenda mjini unapanda daladala inayokwea kilima huku injini inalia kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Mama anauza chai na maandazi kando ya barabara pale tangu mimi sijaanza darasa la kwanza. Maandazi hayo ndiyo yalinisomesha mpaka bumu likapokea. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, akatuachia nyumba na kiwanja kimoja kule Kitwiru. Hicho kiwanja kikumbukeni, kitarudi.

Sasa ilikuwa Juni 2024, baridi ya Iringa mnaijua, ile ya kulala na soksi na sweta. Mimi nipo mwaka wa pili, UE zinakuja, madesa yamejaa kitandani. Mdogo wangu akanipigia saa tatu usiku. "Dada, tumbo la Mama linakua." Nikamwuliza linakuaje. Akasema, "Linakua tu. Mama Mpangaji anasema ana mimba."

Mama ana miaka 47. Ni mjane. Hebu fikirieni maneno yaliyokuwa yanazunguka pale kwenye benchi la maandazi. Watu wanakunywa chai yake, wanamwangalia kiunoni, wanaondoka wanacheka. Yeye mwenyewe alikuwa anajifunga khanga mbili ili lisionekane. Alipoulizwa alisema ni gesi. Anashiba kwa andazi moja, anakwenda msalani mara kwa mara, usiku analala ubavu mmoja. Miezi minne amekaa na hali hiyo bila kusema, kwa sababu alijua nikijua nitaacha kusoma. Hapo ndipo nilipokasirika kwanza, halafu ndiyo nikaogopa.

Jumamosi nikateremka. Tukaenda kwenye kituo kimoja cha binafsi, sitakitaja, ambacho kina mashine ya altrasaundi na bango kubwa nje. Shilingi 25,000. Mama akaingia, dakika tano akatoka, kijana aliyempima akatupa karatasi yenye picha ya kijivu isiyoeleweka na mstari mmoja wa maandishi. Kwa Kiswahili chetu ulisema hivi: uvimbe mkubwa kwenye ovari ya kushoto, una nyama ngumu ndani, huenda ni kansa. Akaongeza kwa mdomo, akiwa anafuta meza, "Mpelekeni Dar haraka." Basi. Mama akamwambia asante mwanangu. Kweli kabisa, alimshukuru.

Njiani kurudi hakuongea. Tulipofika akawasha jiko akakanda unga, kama siku nyingine.

*

Jioni kikao cha familia kikakaa. Mjomba alikuja, shangazi akaja, na mzee mmoja wa ukoo ambaye huwa anakuja popote penye harufu ya ulanzi. Mjomba ni mtu mwema, nataka hilo lieleweke, ila akiogopa anakuwa na haraka. Akasema kiwanja cha Kitwiru kiuzwe, mgonjwa apelekwe Ocean Road. Shangazi akasema kansa ikiguswa kisu inasambaa, bora aende kwa mtu fulani anayetoa dawa za mizizi. Mzee akasema apumzike tu. Mama alikaa pembeni kwenye kigoda, akasema neno moja: "Kiwanja ni cha watoto."

Hakuna aliyemsikiliza. Jumatatu Mjomba akawa amepata mnunuzi, amepokea milioni moja ya kutangulizia. Kiwanja ambacho Baba alikipima mwenyewe kwa hatua zake.

Mimi nikarudi Mkwawa nimebeba ile karatasi. Usingizi hakuna. Nikaiangalia usiku kucha na jambo moja likaanza kunikera, na nadhani ni ule ukorofi wa mtu wa fizikia tu. Karatasi inasema "huenda ni kansa". Sawa. Lakini ameona nini? Kama mwanafunzi wangu wa fildi angeniandikia jibu bila kuonyesha njia ningempa sifuri. Huyu kaandika jibu, njia haipo. Hakuna kipimo cha sentimita, hakuna maelezo ya kuta, hakuna habari ya damu, wala hajasema kama kuna maji tumboni. Ni jibu tu.

Nina rafiki tuliyemaliza naye kidato cha sita, anasoma udaktari Dar. Nikampigia saa sita usiku, akapokea yuko macho (hao nao hawalali). Nikamsomea. Akanyamaza kidogo akasema, "Dada, hiyo siyo ripoti, hiyo ni hofu iliyopigwa muhuri. Rudieni kipimo kwa daktari bingwa wa akina mama. Kabla ya kuuza kitu chochote, rudieni kipimo."

Halafu akaanza kunieleza, na mimi nikawasha daftari. Nawaandikia hapa kwa sababu wengi wenu mna mama na dada, na wengine mna ovari.

*

Altrasaundi ni mwangwi. Hamna muujiza wowote. Wale tuliolelewa Iringa tumepanda Gangilonga, lile jiwe ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na kila mtoto akifika pale lazima apige kelele aone kama litamjibu. Mashine inafanya hivyo hivyo, ila sauti yake hausikii. Sikio letu linakomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na ile mashine ikiwekwa juu ya tumbo inatumia milioni tatu hadi tano. Sauti inasafiri kwenye nyama za mwili kwa wastani wa mita 1,540 kwa sekunde. Ikigonga kitu kilicho sentimita 10 ndani, inakwenda na kurudi kwa muda unaozidi kidogo sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kompyuta inahesabu muda, inapanga nukta, picha inatokea. Ile jeli baridi wanayokupaka inafukuza hewa iliyopo kati ya kifaa na ngozi, maana hewa ikibaki pale karibu sauti yote inarudishwa mlangoni haijaingia.

Maji hayarudishi mwangwi, kwa hiyo uvimbe uliojaa maji unaonekana mweusi. Nyama inaonekana ya kijivu. Mfupa, jino au nywele zilizosokotana na mafuta vinang'aa na kuzuia sauti isipite, nyuma yake panakuwa na giza refu. Hilo giza wanaliita kivuli. Kivuli hiki kumbukeni pamoja na kiwanja.

Na ya kushangaza ni kwamba kipimo chenyewe kilianza na kisa kama cha Mama. Kulikuwa na profesa wa magonjwa ya wanawake kule Glasgow, Uskoti, anaitwa Ian Donald. Alikuwa amehudumu kwenye jeshi la anga la Uingereza wakati wa vita na alijua mambo ya rada. Mwaka 1955 alibeba uvimbe mbalimbali uliotolewa kwa wagonjwa, akaupakia kwenye buti ya gari akaupeleka kiwanda cha Babcock & Wilcox, ambako mafundi walitumia sauti kutafuta nyufa kwenye vyuma. Akabeba na kipande cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. (Nawaza harufu ya lile gari.) Akaona uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama unajibu sauti tofauti. Mwaka 1958 yeye na wenzake John MacVicar na mhandisi Tom Brown wakachapisha kazi yao kwenye jarida la Lancet. Mmoja wa wagonjwa wao alikuwa mama aliyeambiwa ana kansa ya tumbo isiyopasulika, yaani akafie nyumbani. Wakampima kwa mwangwi, wakaona ni uvimbe wa maji wa ovari. Ukatolewa, mama akapona.

Nilipofika hapo nilifunga daftari nikaenda nje kupumua.

Sasa watu wanatofautishaje ule wa kawaida na ule mbaya? Kwa miaka mingi ilikuwa jicho na uzoefu wa daktari. Mwaka 1999 kikaundwa kikundi cha wataalamu kilichoanzia Ulaya, kinaitwa IOTA, wakaanza kukusanya picha za uvimbe na kuzilinganisha na majibu ya maabara baada ya upasuaji. Mwaka 2008 wakatoa kanuni zao kumi rahisi. Tano ni dalili za heri: uvimbe wenye chumba kimoja cha maji, au una nyama ndani lakini kubwa yake haifiki milimita 7, au una kile kivuli, au una vyumba vingi ila kuta laini na haufiki sentimita 10, au hauna damu inayopita ndani yake. Tano ni za shari: donge la nyama lenye kingo za ovyo ovyo, maji yaliyojaa tumboni, vinyama vinne au zaidi vinavyochomoza kwenye ukuta wa ndani, uvimbe wa vyumba vingi wenye nyama na kingo mbaya uliofika sentimita 10, na damu nyingi inayokimbia ndani yake. Ukiona heri peke yake, ni wa kawaida. Ukiona shari peke yake, uchukulie ni kansa mpaka maabara ikanushe. Ukiona zote mbili, au usione yoyote, kanuni zinanyamaza na unamtafuta mtu mwenye uzoefu zaidi. Kanuni zinajibu kama uvimbe watatu kati ya wanne, na zinapojibu zinapatia zaidi ya mara tisa katika kumi.

Mtu wa hisabati moyo wangu ukatulia kidogo. Angalau sasa kulikuwa na maswali ya kuuliza.

*

Hospitali ya rufaa tulipanga foleni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mama alikuwa ameambiwa anywe maji mengi asiende msalani, ili kibofu kijae kiwe kama dirisha. Mtu mwenye uvimbe unaokandamiza kibofu, halafu unamwambia abane mkojo kwa saa mbili! Alikuwa anatikisa mguu, ananiambia, "Mwanangu, hii fizikia yako itaniaibisha mbele za watu."

Daktari alikuwa mwanamke, wa makamo, sauti ndogo. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kwamba nasoma ualimu na ningependa kuwepo kama Mama anaridhia. Mama akasema abaki. Daktari akasoma ile karatasi ya kwanza, akaikunja, akaiweka mezani bila kusema kitu.

Akaanza kwa juu ya tumbo. Halafu akaeleza kwamba ili aone vizuri kuna kifaa chembamba kinachopitishwa ukeni, kinakaa karibu zaidi na ovari kwa hiyo picha inakuwa safi. Akaeleza kwa heshima, akasubiri jibu. Mama akaniangalia mimi, mimi nikaangalia dirisha. Jamani, kuna mambo mtoto hapaswi kuwepo. Nikageuka ukutani mpaka alipofunikwa vizuri, ndipo nikaitwa niangalie skrini. Nawaambia hili kwa sababu akina mama wengi wanakimbia kipimo hiki kwa aibu, na binti ambaye hajawahi kukutana na mwanamume anaweza kupimwa kwa juu tu, aseme asiogope.

Basi nikaona. Kulikuwa na duara kubwa, ukuta wake laini kama mstari wa kompasi. Daktari akalipima: sentimita 12. Ndani kulikuwa na sehemu nyeusi, na upande mmoja donge jeupe linalong'aa. Moyo ukaniruka, nikajua hiyo ndiyo ile "nyama ngumu". Daktari akasogeza kifaa taratibu. Nyuma ya lile donge kukatokea giza refu, limenyooka kama kivuli cha mti saa kumi jioni.

Nikasema kwa sauti bila kufikiri, "Kivuli!"

Daktari akageuka. "Umesema unasoma nini vile?"

Akabonyeza kitufe cha kuangalia damu. Kitu kikipita damu kinatoa rangi nyekundu au bluu, kwa sababu mwangwi unaorudi kutoka kwenye kitu kinachotembea unabadilika mtetemo, ni jambo lile lile la honi ya basi linalopita Ipogolo bila kusimama. Ndani ya donge hakuna rangi. Akatafuta maji tumboni, nyuma ya kizazi, kando ya ini. Hakuna. Akaangalia ovari ya kulia, iko sawa.

Akamweleza Mama, siyo mimi. Akasema, "Mama, kwa ninavyoona huu ni uvimbe unaotokana na yai lenyewe. Ndani unakuwa na mafuta, nywele, wakati mwingine meno. Mara nyingi sana siyo kansa. Lakini kwa ukubwa huu unaweza kujinyonga ukakata damu, kwa hiyo tutautoa, na ukitoka utakwenda maabara. Maabara ndiyo itasema neno la mwisho."

Mama akauliza, "Nywele za nani?"

"Zako mwenyewe."

"Na mimba?"

"Hakuna mimba, mama."

"Naomba uniandikie hiyo ya mimba," Mama akasema, "niibandike pale kwenye benchi." Daktari akacheka mpaka akavua miwani.

Kulikuwa na kipimo cha damu pia, CA-125, sampuli ikasafirishwa, majibu yakaja 41. Kikomo cha kawaida ni 35. Mjomba alipoona 41 akataka kukaa chini. Lakini kipimo hicho kinapanda kwa mambo mengi: hedhi, mimba, hata TB ya tumbo. Kuna hesabu ya zamani, ya mwaka 1990, unazidisha namba tatu: alama za altrasaundi, alama za kukoma hedhi, na CA-125. Mama alikuwa bado anaona siku zake, hiyo ni 1. Alama ya altrasaundi, kwa ile sehemu ngumu, 1. Mara 41. Jibu 41, wakati hatari wanaihesabu kuanzia 200. Nikamchorea Mjomba kwenye mchanga pale nje. Akauliza, "Yaani hesabu hii ingejulikana wiki iliyopita?" Nikanyamaza. Ile milioni ya watu alikuwa ameshaanza kuipangia.

*

Sasa hapa naomba mnisikilize, maana sitaki mtu aondoke akidhani kila uvimbe ni nywele na meno.

Mama alipolazwa Agosti, kitanda cha jirani alikuwepo mama mwingine, ametoka mbali, mkubwa kuliko Mama kwa kama miaka kumi. Tumbo lao kwa nje lilikuwa sawa kabisa, ungewavika khanga moja usingewatofautisha. Alikuwa ametibiwa vidonda vya tumbo miezi mingi. Binti yake, rika langu, alinionyesha ripoti kwa sababu alishaona najifanya najua. Hii ilikuwa ripoti ya kweli, imeeleza kila kitu. Kingo za ovyo. Vyumba vingi na nyama. Damu nyingi. Maji tumboni. Nikaisoma mara mbili nikitafuta hata heri moja.

Binti akaniuliza, "Inasemaje?"

Mimi si daktari. Nikamwambia mwulize daktari, mwambie akueleze polepole, na uandike. Hata hivyo nilijua, na yeye akaona kwamba najua. Daktari hakuwaambia ni kansa siku hiyo. Alisema kwanza wahakikishe siyo TB ya tumbo, kwa sababu nayo inaleta maji na inapandisha ile CA-125, na huku kwetu TB ipo, huwezi kuiruka. Alisema pia hawatamchoma sindano kwenye uvimbe wenyewe, kwa sababu kama ni kansa ule ukuta ukitobolewa unaweza kumwaga mbegu tumboni. Nikamkumbuka shangazi na maneno yake ya kisu. Alikuwa amebeba nusu ya ukweli kwa upande wa nyuma. Dawa ni kuutoa mzima, bila kuupasua, ukatolewe na mtu anayejua.

Siku tatu baadaye wakapewa rufaa ya Dar. Kutoka Iringa mpaka Dar ni kama kilomita 500, unateremka Kitonga, unapita Mikumi, mgonjwa amekaa kwenye kiti cha basi na tumbo lile. Mama akawafungia maandazi. Namba ya simu ya yule binti ninayo. Nimeshaandika ujumbe mara nyingi nikaufuta.

*

Upasuaji wa Mama ulichukua kama saa moja na nusu. Uvimbe ulitoka mzima. Nesi akatuonyesha mimi na Mjomba kwenye beseni kabla haujapelekwa maabara, tayari wameufungua: mafuta kama samli iliyoganda, nywele nyeusi ndefu, na jino moja. Jino kabisa, la pembeni. Mjomba akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Baadaye akaniambia tangu utotoni hajawahi kuogopa hivyo, hata siku ya kutahiriwa.

Majibu ya maabara yalichukua wiki tatu, na wiki hizo tatu nilikuwa fildi nafundisha, mada ni mawimbi, mnaweza kuamini? Nimesimama ubaoni nachora mwangwi, simu iko mfukoni inatetemeka, kila ikitetemeka napoteza sentensi. Ilipokuja ile yenyewe ilikuwa ujumbe wa mdogo wangu, neno moja tu, "SIYO". Nikawaambia wanafunzi fungueni daftari mfanye zoezi la tatu. Hakukuwa na zoezi la tatu. Wakakaa wananitazama nikiwa nimewapa mgongo.

Wenzangu wa hosteli waliposikia habari hii wote wakataka kwenda kupima. Jamani, subirini. Waingereza walilifanyia utafiti jambo hilo, wanawake zaidi ya 200,000 waliokoma hedhi, wengine wakapimwa kila mwaka kwa altrasaundi au damu, wengine hawakupimwa. Majibu ya mwisho yalitoka mwaka 2021: kupima watu wasio na dalili hakukupunguza vifo. Na sisi wasichana ovari zetu zinatengeneza vifuko vya maji kila mwezi, vingi vinapotea vyenyewe ndani ya wiki chache, ukipimwa bure unaweza kuambiwa una uvimbe na kukosa usingizi mwaka mzima. Lakini ukiwa na dalili zinazokaa, tumbo kujaa, kushiba haraka, mkojo wa mara kwa mara, maumivu ya kiunoni, na haziondoki wiki baada ya wiki, nenda. Na ukipewa karatasi, uliza ameona nini. Una haki ya kuona njia, siyo jibu tu.

Kuhusu kiwanja. Mnunuzi alikataa kurudishiwa milioni yake kwa hiari, alitaka kiwanja. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa mara mbili. Mama, akiwa na mshono bado, alisimama mbele ya kikao akasema kiwanja hakikuwa cha Mjomba kukiuza, na yeye mwenyewe hakuweka saini. Mwishowe yule bwana akarudishiwa milioni na laki moja ya usumbufu. Laki tano zilikuwa zimeshatumika hospitali, kwa hiyo bumu langu la semesta iliyofuata mnajua lilikokwenda. Ndiyo maana mliniona nakula kande mwezi mzima, mkasema nafanya dayati. Mjomba naye ameuza baiskeli yake. Hajasema, ila anatembea kwa miguu.

Mama amerudi kwenye benchi. Jumapili nilikwenda kumsaidia, asubuhi mapema, mabasi yanashusha watu wenye baridi. Mama Mpangaji akaja kunywa chai, akamwangalia kiunoni kama kawaida yake, akasema, "Kamwene, naona umepungua." Mama akamimina chai, akamwambia, "Nimejifungua. Alikuwa na jino tayari."

Mama Mpangaji kikombe kikamponyoka.

Haya wadau, nina tesiti Jumatano na sijafungua hata desa moja. Tutaonana.